Niliomba waipime, wakanisugulia: karakana moja ya Nyakato, Mwanza

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mzee wa pale kona, nitamfikia.

Jina la karakana siandiki, sitaki kesi. Mashine yangu ya kukereza ni Colchester ya zamani, ya Uingereza. Niliinunua kwa bei ya chuma chakavu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichofungwa, njia ya Magu. Panya walikuwa wamezaa kwenye sanduku la gia. Kila jioni nilikuwa naisugua kwa brashi na mafuta taa, mpaka mke wangu akaniuliza kama na yeye aote kutu ndiyo nimwangalie.

Kwao nilikwenda na shida mbili. Ya kwanza ni gia ya meno 127. Ile skrubu ndefu inayosukuma kisu imekatwa kwa inchi, na kazi zetu huku ziwani ni injini za mitumbwi, za Kijapani, kila bolti milimita. Inchi ni milimita 25.4, zidisha mara tano unapata 127. Bila gia hiyo, hesi ya milimita (ile mizunguko ya bolti) haikai sawasawa. Ya kwangu ilishapotea kitambo. Ya pili, waipime bedi, ule mwili mrefu wa chuma wenye reli anapotelezea kisu, waniambie imelika kiasi gani. Waipime. Kuisugua hakuna aliyewatuma.

Siku niliyoitwa (baada ya wiki nyingi za "njoo kesho, mzee") nakuta reli za bedi zinang'aa kama sufuria ya harusi. Kijana kapitisha grenda yenye msasa. Grenda, jamani! Reli zile husawazishwa kwa mashine maalumu, au kwa mkono: unapaka rangi ya bluu, unaona palipoinuka, unakwangua kidogo, unapaka tena. Kazi ya wiki. Halafu vumbi la msasa walikuwa wameliacha humohumo, lichanganyike na oili liendelee kula chuma.

Nikamuuliza mbona hivi. Macho yako kwenye simu: "Mzee, si ulitaka ipendeze?" Nikamwambia nilitaka ijulikane kama imenyooka. "Sasa si imenyooka? Itazame."

Itazame! Sehemu ya mia ya milimita inatazamwa? Bosi wake akatoka ofisini, nikajua anakuja kuomba radhi. Kumbe anadai hela ya polishi.

Nimerudi nayo, nimekereza shafti ya futi moja, ncha moja nene kuliko nyingine. Sasa niseme ukweli: sijui kosa lote ni lao. Mashine kongwe bedi yake hulika zaidi upande wa karibu na kichwa kinachozungusha chuma, ndiko kazi nyingi zinakofanyika. Pengine ilikuwa hivyo tangu kwenye pamba. Ndiyo maana nilitaka ipimwe kwanza! Ushahidi wenyewe wameusaga.

Lakini ile gia. 127 haigawanyiki kwa namba yoyote zaidi ya moja na yenyewe, kwa hiyo sahani za kawaida za kugawia meno, zile zenye matundu ya kuhesabia, hazikusaidii. Inabidi sahani nayo iendeshwe kwa gia nyingine wakati unagawa. Kuna mafundi wanafundisha na hawaijui hiyo hesabu. Yule mzee, miwani imefungwa uzi, aliikata akiwa kimya, akaniuliza tu kama nimekula. Nimeifunga, inazunguka bila kulalamika. Juzi nimekata bolti ya injini ya jamaa mmoja wa Ukerewe, nati ikaingia kwa vidole.

Basi ziwe nyota tatu. Hapana, mbili. Nikikumbuka "itazame" narudi palepale kwenye moja.

Nati inayosogeza kisu nayo imelika, mkono wa kuzungushia unakwenda karibu robo mzunguko kabla kisu hakijasogea. Jumatatu naipeleka kwa mzee. Nati peke yake, mfukoni. Mashine inabaki nyumbani chini ya turubai.