Ohio State na Michigan: Nani Huandaa Vyema Wachezaji wa NFL?

Anayepima timu za vyuo vikuu za futiboli ya Kimarekani kwa mafanikio ya wachezaji wao katika ligi ya kulipwa ya NFL hawezi kuwakwepa mahasimu hawa wawili. Kwa wingi wa vipaji, Ohio State inanishawishi zaidi: katika uteuzi (draft) wa mwaka 2016, ambapo timu za NFL huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, wachezaji wake 12 walichaguliwa, watano kati yao katika raundi ya kwanza, akiwemo Joey Bosa aliyekuwa chaguo la 3 na Ezekiel Elliott la 4.

Hata hivyo, kwa kilele cha mafanikio, Michigan haina wa kuifikia. Ilimtoa Tom Brady, ambaye mwaka 2000 alisubiri hadi raundi ya sita, jina lake likaitwa la 199, kisha akatwaa mataji 7 ya Super Bowl, fainali ya NFL. Nakiri kwamba nyota mmoja, hata awe mkubwa kiasi gani, hathibitishi ubora wa malezi ya chuo kizima.

Kijana anayecheza nafasi ya mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, ningemshauri aende Ohio State bila kusita, kwani mwaka 2022 wapokeaji wake Garrett Wilson na Chris Olave walichukuliwa mfululizo, wa 10 na wa 11.