Viroba viwili, gari moja: huduma ya taka mlangoni, Mbeya

Nimeosha chupa kwa miezi. Naanza na hilo ili hasira yangu ieleweke. Huku kwetu juu, upande wa Mlima Loleza, bomba halitoi maji kila siku, na bado nilikuwa natenga nusu ndoo ya kusuuza makopo na madumu ya mafuta ya kula, kwa sababu vijana waliokuja kutuandikisha kwenye huduma ya gari la taka walisema chombo kichafu kimoja kinaharibu mzigo mzima. Wakatuachia viroba viwili: cha kijani cha maganda na mabaki ya chakula, cha bluu cha chupa, makopo na makaratasi. Wanangu walizoea haraka kuliko mimi. Yule mdogo alifikia kumkataza hata bibi yake asiweke ganda la ndizi kwenye bluu.

Sasa ile siku, mvua zikiwa ndiyo zimeanza. Barabara ikilowa gari halipandi kwetu. Linasimama chini kwenye lami, linapiga honi, nasi tunateremka na mizigo kichwani. Nilishuka mwenyewe. Kijana akapokea viroba vyangu, akavifungua, akavimwaga vyote viwili sehemu moja. Maganda ya parachichi, majivu ya mkaa, chupa nilizosuuza, madaftari ya zamani ya watoto. Nilidhani amepitiwa. Nikamwambia, "Mwanangu, hizo zimetengwa." Aliyekuwa juu ya gari ndiye aliyejibu, tena bila kunitazama: "Mama, kazi yako kulipa. Mengine tuachie sisi."

Nilipanda mlima na viroba vitupu huku mikono inanitetemeka. Kama walijua tangu mwanzo kwamba gari lina tumbo moja, walitupa viroba viwili vya nini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Nilitenganisha. Karatasi ikishalowa mchuzi hakuna anayeinunua, na chupa ya kioo ikivunjika humo ndani vigae vinaingia kwenye kila kitu.

Nikaacha kulipa. Siku hizi nampa kijana wa mkokoteni anayepita na mizani yake ya kuning'iniza. Hana sare, lakini anasalimia, anapima mbele yako na kulipa papo hapo. Ni hela ya chumvi tu, ila analipa. Ndiye aliyenifundisha kutoa vizibo, kwamba chupa ya maji ni plastiki ya aina moja na kizibo ni ya aina nyingine. Nilijaribu jikoni kwenye beseni: kipande cha chupa kikazama, kizibo kikaelea. Viwandani nako wanazitenga kwa njia hiyohiyo ya maji. Kwa miezi yote niliyolipia lile gari hakuna aliyenieleza hata hilo.

Wiki chache zilizopita ningewaambia wote muachane na gari, mumpe wa mkokoteni. Leo sina uhakika huo. Kioo hachukui, maganda hachukui, karatasi anataka maboksi makavu tu, na mvua ikikaza wiki nzima haonekani. Yanayobaki yanajazana nyuma ya jiko langu. Jirani mmoja alichoka akayamwaga mtaroni. Mtaro ukaziba, maji yakaingia kwa mama anayekaa chini yetu. Kuna wanaonishauri nipeleke mwenyewe kwa wanunuzi Mwanjelwa, lakini kwa daladala konda anadai nauli ya mzigo kuzidi bei ya mzigo wenyewe.

Na gari, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa linaondoa kila kitu. Hilo lazima niliseme. Wala halihitaji mtambo mpya. Ubao mmoja wa kugawa lile tumbo ungetosha, au siku mbili tofauti, bluu Jumanne na kijani Ijumaa. Hapo ningelipa, na ningewashawishi hata majirani walioacha.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nawapa nafasi nyingine. Nimefuta. Juzi honi ilipolia, mwanangu yule mdogo alikuwa ameshabeba kiroba cha bluu mlangoni, akaniuliza, "Mama, watazichanganya tena?" Nikakumbuka sauti ya yule aliyekuwa juu ya gari. Mwezi huu silipi. Mwezi ujao, bluu ikiwa na siku yake, nitashuka nayo mwenyewe mpaka lami.