Njumu za mitumba Mlango Mmoja kwa mchezaji wa kike

Msichana wa Mwanza anayelenga Alliance Girls au timu nyingine ya Ligi Kuu ya Wanawake atapata njumu nzuri zaidi kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja kuliko kwenye njumu mpya feki za bei ileile. Ngozi ni bora na soli ni imara. Kazi ni kuchagua.

Angalia meno kwanza. Njumu hupangwa kwa saizi na rangi, si kwa aina ya uwanja, kwa hiyo geuza kiatu usome herufi kwenye soli au lebo ya ulimi. FG ni ya nyasi asilia, kama uwanja wa Kirumba. AG ni ya nyasi bandia, kama uwanja wa Nyamagana. TF, yenye vijino vingi vifupi vya mpira, ndiyo ya viwanja vigumu vya changarawe mtaani. SG, yenye meno marefu ya chuma kwa nyasi zilizolowa, iache hata ukipewa bure. Kwenye nyasi bandia meno yale hunasa, mwili unageuka mguu umebaki, na msokoto wote unaishia gotini. Kano ya mbele ndani ya goti huchanika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, na kurudi uwanjani baada ya upasuaji huchukua miezi 9 au zaidi. Hakuna punguzo la bei linalofidia hilo.

Njumu za kike ni chache, hivyo wengi huangukia za wavulana, ambazo mara nyingi ni pana kisigino. Nenda jioni mguu ukiwa umetanuka, na soksi za mechi mkononi. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya nusu sentimita. Kisigino kikipanda ukitembea, rudisha; soksi mbili haziponyi, zinaleta malengelenge. Jaribu miguu yote miwili, maana jozi nyingine zina saizi tofauti kushoto na kulia.

Kisha kunja kiatu: kikunjike chini ya vidole, si katikati. Soli iliyoachia nchani isikutishe, fundi viatu ataishona pembeni kwa uzi wa nailoni, na itadumu kuliko gundi peke yake. Mkumbushe tu arudishe soli ya ndani juu ya uzi, la sivyo utakuchubua. Soli yenye ufa haina fundi.

Bei ni maelewano. Ila TF ya ngozi laini, saizi 37 au 38, usiiache ukazunguke kwanza; hutaikuta ukirudi.