Shanta la mtumba la Karume, na viatu vilivyoniaibisha Uluguru

Niliambiwa vifaa vya kupandia mlima hupatikana Moshi tu, kwa wale wanaokodisha kwa wageni wa Kilimanjaro. Si kweli. Pale soko la Karume, Ilala, belo za mabegi zikifunguliwa asubuhi, hutoka mashanta ya maana kabisa yaliyokwisha kuzunguka Ulaya. Langu ni Deuter, la Kijerumani, lita 55 na nyongeza ya 10. Nilitajiwa laki na ishirini, nikaondoka nalo kwa elfu themanini na tano. Nimelibeba miezi minane sasa: Pugu mara tatu, Uluguru mara moja, na safari ya Krismasi nyumbani ambayo siihesabu.

Muuzaji alinivalisha likiwa tupu, akasema, "Dada, limekukaa kama ulipimwa." Shanta tupu humkaa kila mtu. Nikamwomba alijaze jinzi za meza ya jirani. Walicheka wote wawili, lakini zikaingia jinzi kama ishirini, na hapo ndipo mambo yakajitenga. Shanta la kwanza kujaribu, si hili langu, lilikuwa jekundu, halina hata mchubuko, nalo likanishinda: mkanda wa kiunoni ulishuka makalioni, na ya mabegani ikabaki inaelea. Mimi ni mrefu, ila urefu wote uko miguuni, mgongo wangu ni mfupi. Na shanta hupimwa kwa mgongo, kuanzia kile kifupa kinachochomoza shingoni ukiinama hadi usawa wa nyonga. Hili la Deuter mikanda yake ya mabegani hupandishwa na kushushwa, kwa hiyo tukalishusha mpaka likakaa.

Nililegeza kila kitu, nikaukalisha mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, nikaubana kwanza huo, kisha ndiyo nikavuta ya mabegani. Uzito ukahama mabegani ukaenda kiunoni, nami nikasimama wima. Kama hujawahi kuvaa shanta kwa mpangilio huo, umekuwa ukijitesa bure.

Kasoro yake ilikuwa chini, kwenye kijimfuko cha kifuniko cha mvua. Nilikifungua nyumbani kikanata vidoleni, kinabanduka magamba kama samaki, na harufu yake sitaki kuikumbuka. Ile tabaka ya ndani inayozuia maji huvunjika taratibu kwa joto na unyevu, na Dar tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Mahema ya mtumba hufa vivyo hivyo, kwa hiyo likunjue lote hapo hapo sokoni, upitishe kiganja upande wa ndani kabla hujataja bei. Mimi kifuniko nilikitupa. Nilinunua nailoni Kariakoo, nikaishona mfuko mkubwa, nikaubandika gundi kwenye mshono, nao unakaa ndani ya shanta. Unafanya kazi kuliko kifuniko, maana mvua ya mlimani huteremka mgongoni kwako na kuingilia upande ambao kifuniko hakifiki.

Siku ile ile pale Karume niliona jaketi la kuteleza kwenye theluji. Yamejaa pale, madereva wa boda wanayapenda kwa upepo wa usiku. Hilo lilikuwa na kijimfuko mkononi cha kuwekea kadi ya kupandia lifti ya mlimani, na ndani limeshonewa kibango kidogo kigumu kimeandikwa RECCO. Muuzaji aliapa ni alama ya bima. Kumbe ni kitu cha Wasweden, hakina betri. Mtu akifukiwa na maporomoko ya theluji, waokoaji hurusha mawimbi ya redio na kibango huyarudisha, wakajua pa kuchimba. Sasa huenda liko kwa mtu anayesubiri abiria Buguruni. Mimi sikulichukua, lilikuwa zito.

Viatu ndivyo vilivyoniumbua. Nilivinunua siku hiyo hiyo kwa elfu sitini, vya ngozi, vya mlima hasa, na soli ambayo haijaguswa na jiwe. Jina silitaji. Tulipanda SGR wenzangu wawili na mimi, chini ya saa mbili tuko Morogoro, kesho yake tukaanza kupanda kupitia Morningside kuelekea Bondwa, kwenye minara ya mawasiliano, zaidi ya mita 2,000. Kupanda hakukuwa na neno. Mvua ilinyesha, nguo ndani ya nailoni zikabaki kavu. Tulipoanza kushuka kwenye utelezi, soli ya kulia ikaachia mdomo. Baada ya nusu saa ya kushoto nayo. Lile povu gumu lililo kati ya ngozi na soli lilikuwa linamong'onyoka kama keki ya jana.

Mwongozaji wetu alivifunga kwa mipira ya tyubu. Vikafika mbali kidogo. Nikamalizia kwa yeboyebo, huku akina mama wa Kiluguru wakinipita na matenga ya mboga kichwani wakinipa pole kwa adabu ambayo iliniumiza zaidi.

Nilipouliza fundi, akaniambia bila kushangaa hata kidogo: povu la aina hiyo huoza kwa umri na unyevu, livaliwe lisivaliwe. Viatu vilivyokaa kabatini miaka kumi hutoka vinang'aa na vimekwisha kufa. Kwa hiyo ile soli mpya niliyoishangilia ndiyo iliyopaswa kunitisha. Alivitazama tu, akakataa kushona. Hakuna cha kushonea.

Kwa kuogopa unyevu huo, shanta nalitundika nyuma ya mlango likiwa wazi zipu zote, feni ikipuliza. Begi la kulalia nimelitoa kwenye kifuko chake cha kubana, liko huru ndani ya foronya.

Jumamosi nilirudi Karume kwa yule yule muuzaji kumpa habari za Uluguru. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini dada, si nilikwambia soli haijalika?"

Akanitolea jozi nyingine, safi, za kijivu. Nikabonyeza ukucha pembeni, kati ya ngozi na soli. Ukazama.