Nyumba ya wazee anamoishi shangazi: usalama na masharti ya usajili

Nyumba hii ya wazee iliyoko kusini mwa England naisifu kwanza kwa uangalifu wake wa maji ya moto: vali ya kuchanganya maji huzuia joto la bafu lisizidi nyuzi 44 za Selsiasi, na hata hivyo mhudumu hupima kwa kipimajoto kabla ya mzee kuingia, kisha huandika matokeo katika daftari ambalo jamaa wanaruhusiwa kulisoma. Ngozi ya mzee huungua upesi, naye aliyepoteza kumbukumbu huenda asiweze kusema kwamba maji yanamchoma. Madirisha ya ghorofani hayafunguki zaidi ya milimita 100.

Daraja lililotolewa na CQC, tume inayosajili na kukagua nyumba hizo, limebandikwa mlangoni, kama sheria inavyotaka tangu 2015. Kasoro iko katika chumba cha kufulia, ambako mlango wa kuzuia moto huwekewa kikapu ili ubaki wazi. Ukiwa hivyo hauwezi kuzuia moshi hata kidogo. Nimemwandikia meneja, naye ameahidi kuweka kifaa kinachoushikilia mlango na kuuachia ujifunge king'ora kinapolia. Hadi kitakapowekwa, natoa nyota nne kati ya tano.