Wavu wa monofilamenti (uzi mmoja usiosokotwa) wa inchi 3 madukani Bukavu: nyota 2 kati ya 5

Soma furushi kwanza. Yadi 100 maana yake mita 91 za wavu ulionyooshwa. Ukishaufunga kwenye kamba kwa nusu ya urefu wake, unabaki na mita 45 hivi majini. 26MD ni macho (matundu ya wavu) 26 kwenda chini: karibu mita 2 ukivutwa, mita 1.7 ukining'inia. Wauzaji wengi huonyesha inchi tu, yaani ukubwa wa jicho, hayo mengine wanayapita.

Hata hizo inchi, zipime. Lowesha kipande, kivute bila kukikaza mno, pima macho 10 mfululizo toka fundo hadi fundo, gawa kwa 10. Inchi 3 ni milimita 76. Ukipata 70, mrudishie muuzaji. Jicho likiwa dogo, ufukweni anayeulizwa ni mvuvi, si duka.

Kwa kukamata tilapia, wavu huu hauna mpinzani: uzi wake mmoja unang'aa kama maji, samaki anauona akiwa ameshanasa. Shida inaanza ukipasuka. Uzi ni mgumu, fundo linateleza, jua linaufanya ukatike, kwa hiyo wengi wanautupa badala ya kuushona. Kipande kilichobaki kwenye mawe ya kisiwa cha Idjwi hakiozi, kinaendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. (Nailoni ya kusokotwa nayo haiozi, lakini hiyo inashoneka.) Kwa sambaza, wale samaki wadogo, usiununue kabisa, wanataka wavu wa kuinua, taa na trimarani (mitumbwi mitatu iliyounganishwa).

Mbona wavu wenye madhara hayo unauzwa wazi hivi? Nchini Kongo uvuvi umeegemea kwa miaka mingi dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937, iliyoandikwa kabla nailoni haijaingia sokoni popote duniani. Uwindaji, uliokuwa ndani ya dekreti hiyohiyo, ulipata sheria yake mwaka 1982. Kuchoma nyavu zilizokamatwa ufukweni hakutaisha maadamu furushi zinapita forodhani. Marekebisho ya maana yangemgusa mwagizaji na muuzaji: jicho liandikwe kwa milimita kwenye furushi, na likipimwa likaonekana dogo, faini imwendee yeye. Na kwa kuwa Ziwa Kivu tunagawana na Rwanda, kipimo kiwe kimoja pande zote mbili.

Kwa sasa, omba nailoni ya kusokotwa 210D/6 (namba ya unene wa uzi), au 210D/9, iliyo nene zaidi, kama unatega karibu na mawe. Chukua na sindano na uzi wa namba ileile.