Namugongo kwa basi kutoka Moshi: wakala nyota tatu kati ya tano

Tangu nirudi kutoka hija ya Namugongo, Uganda, watu wananiuliza kama wakala tuliyesafiri naye anafaa. Halafu wanashusha sauti: na wewe Mlutheri, ulifuata nini huko?

Nilimsindikiza wifi yangu, Mkatoliki wa Kibosho. Kwake ilikuwa nadhiri. Mwanawe alipopelekwa kufanyiwa upasuaji, alimwahidi Mungu kwamba mtoto akitoka salama atakwenda kushukuru kwa Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Ndani ya basi kila mtu alikuwa na lake. Huyu anaomba mtoto, yule ndoa inamwelemea, na mzee mmoja alisema wazi amekuja kutembea tu, Mungu anamjua. Wengi walibeba pia nia za majirani, zimeandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa kwenye bahasha za kaki.

Haya, huduma. Tulipita Arusha, Namanga, Nairobi, tukaingilia Busia. Mambo ya mpakani wakala anayaweza: pasi na kadi za njano za chanjo zilikaguliwa kabla hatujaondoka, hakuna aliyekwama. Madereva walipokezana. Chakula kilitosha. Rozari ilianza tukiwa Namanga na sina hakika kama iliwahi kuisha. Kero ni malazi: tuliahidiwa hosteli, tukalazwa darasani, magodoro yamebanana hadi ukijigeuza unamwamsha jirani. Kuelekea tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi hao, Namugongo hufurika, hilo linaeleweka. Basi mtu aambiwe kabla hajatoa hela.

Kilichoniudhi zaidi ni ratiba. Tulipelekwa basilika, lile lililojengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, lenye nguzo 22 za shaba kwa ajili ya mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Watu wakapiga picha, wakachota maji bwawani kwa vidumu, tukaambiwa tuwahi basi twende Owino, soko la Kampala, kununua nguo. Si kwamba nachukia mitumba. Ila soko hilo jina lake rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe, mmoja wa mashahidi hao, na yeye aliuawa papo hapo karibu, Nakivubo. Kiongozi wetu hakulitaja hata kwa bahati mbaya.

Habari hizo nilizipata kwa katekista mmoja Mganda, mzungumzaji hodari wa Kiswahili, aliyetupeleka mimi na wifi kwa miguu hadi kituo cha Waanglikana, ambacho hakikuwa kwenye ratiba kabisa. Alipojua tunatoka Moshi akacheka: "Basi Hannington mnamjua." Askofu James Hannington, Mwanglikana, alifika kwa Mangi Rindi, chifu wa Wachaga pale Old Moshi, mwaka 1885. Oktoba mwaka huohuo akauawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki mwenye cheo katika ikulu, akamkemea Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa kumuua askofu yule. Novemba 15 naye akakatwa kichwa. Kisha, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa ikulu, Wakatoliki na Waanglikana, wakafungwa kwenye matete na kuchomwa moto mmoja. Mmoja wao, Kizito, alikuwa kijana wa miaka kama 14.

Wifi alinishika mkono. "Wifi, kumbe walikufa pamoja."

Mtu wa nje hawezi kujua neno hilo lilivyotugusa. Kaka yangu alipofuata dini ya mkewe, baba hakukanyaga kanisani siku ya harusi, na wifi amekaa miaka kwenye ukoo wetu akiitwa "yule Mroma". Niliporudi nilimsimulia baba habari za Hannington. Akaniuliza maswali mengi kuhusu Rindi, machache sana kuhusu Balikuddembe. Lakini Jumapili iliyofuata alimwita wifi aje amsimulie na yeye, na alimwita kwa jina la mwanawe, Mama fulani, kama anavyowaita wakaza wana wengine.

Mimi sikubadili dhehebu, mama mkwe aondoe shaka.

Kwa usafiri na mpaka nampa wakala nyota tano, malazi mbili, maelezo moja. Anayetaka kusali kwa utulivu asiende tarehe 3 yenyewe, umati ni wa kusukumana. Anayetaka kuona watu waliotoka kwao kwa miguu, siku ndiyo hiyo. Anzeni kushughulikia pasi mapema, bebeni shuka nzito, na mkifika mwulizeni kiongozi njia ya kwenda kwa Waanglikana. Asipoijua, wenyeji wanaijua.